Mapatano Kwanza, Spana Baadaye

SOMO LETU: Msichana anayejifunza ufundi kwa fundi wa mtaani. Somo hili ni la wasichana na wavulana, wazazi, na mafundi wenyewe.

Pita mitaa ya Sinza siku yoyote ya kazi, kuanzia Mori hadi Makaburini, utasikia nyundo, grainda na cherehani. Vijana wengi wa hapa hawajifunzi ufundi chuoni. Wanajifunza kwa fundi, palepale kando ya barabara. Wavulana walianza zamani. Sasa dada zao nao wamo: gereji, kuchomelea mageti, umeme wa majumbani, rangi na useremala.

Wapo wanaosema, "Aa, hiyo kazi ya kiume bwana!" Hao waende Unguja, kijiji cha Kinyasini. Huko chuo cha Barefoot kimefundisha akina mama wa vijijini, wengine hawakusoma sana, wakaweza kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Kwa hiyo leo hatuulizi kama msichana anaweza. Tunauliza: anaingia kazini kwa masharti gani?

SAIDIA FUNDI WA MILELE

Tuchukue mfano. Binti wa miaka 18 anapelekwa kwa fundi wa mageti. Mama anasema, "Nakuletea mwanao, mfundishe kazi." Fundi anajibu, "Hamna taabu." Basi, yamekwisha.

Mwezi wa kwanza binti anafagia na kutumwa chai. Mwezi wa sita bado anafagia na kutumwa chai. Mvulana aliyekuja nyuma yake ameshashika mashine. Nauli anapewa siku ambayo fundi amejisikia. Hajui atafundishwa nini, wala lini.

Sasa angalia mtego ulipo. Mtu asiye na nauli ya kurudi nyumbani, na asiyejua haki yake ni ipi, ni rahisi kuambiwa: "Kuwa mwema kwangu, nami nitakufundisha." Hapo ufundi umegeuka bei ya mwili. Mimba asiyoitaka, magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI vinaweza kuingia kwa mlango huo.

Ndiyo maana tunasema mapatano ni kinga. Hayamzuii kila mtu mbaya, lakini yanamwondolea silaha yake kubwa, yaani kukuweka gizani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

ANDIKENI NINI?

Karatasi moja ya daftari yatosha. Andikeni nakala mbili, na kila upande utie sahihi. Mzazi au mlezi awepo, na shahidi mmoja, kwa mfano mjumbe wa mtaa. Mambo ni haya:

1. Muda. Mafunzo yanaanza lini na yanaisha lini?
2. Hatua. Miezi mitatu ya kwanza atajifunza nini? Mitatu inayofuata je? Ataanza lini kushika mashine mwenyewe?
3. Fedha. Kama kuna ada, ni kiasi gani? Nauli na chakula ni juu ya nani? Akianza kufanya kazi inayolipwa na mteja, fungu lake ni lipi?
4. Saa za kazi. Kazi inafungwa saa ngapi? Kazi ya usiku ikitokea, nani atamrudisha nyumbani?
5. Vifaa vya kinga na choo. Choo kiko wapi, na kinafungika kwa ndani?
6. Heshima. Hakuna matusi, kushikwashikwa wala kutakiwa kimapenzi. Likitokea, ataambiwa nani?

MAZUNGUMZO YA MFANO

Someni kwa sauti kikundini, mmoja awe mama, mwingine fundi, wa tatu binti.

BINTI: Shikamoo fundi.
FUNDI: Marahaba, hujambo mwanangu?
BINTI: Sijambo.
MAMA: Fundi, binti yangu anataka kujifunza kazi. Tumekuja na karatasi tuandikiane.
FUNDI: Ah, mama! Karatasi za nini tena? Hunijui mimi?
MAMA: Nakujua, baba, ndiyo maana nimekuja kwako. Lakini kesho na keshokutwa tutasahau tulichosema. Karatasi itatukumbusha sote.
FUNDI: Na akiacha kazi katikati, baada ya kuniharibia vifaa?
MAMA: Hilo nalo tuliandike.
BINTI: Na mimi naomba tuandike mwezi nitakaoanza kuchomelea.
FUNDI: (anacheka) Huyu kweli amekuja kazini! Haya, lete kalamu.

Umeona? Mama hakumtukana fundi. Karatasi inamlinda fundi pia.

AFYA YAKO KAZINI

Macho. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho hata kama hushiki mashine wewe. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni. Tumia kioo cheusi cha kuchomelea. Miwani ya jua haitoshi. Yakiuma, usijitilie kitu chochote, nenda hospitali.

Nguo. Nailoni huyeyuka na kugandia ngozini. Vaa ovaroli ya pamba na viatu vilivyofunika mguu. Nywele zifungwe, ncha za hijabu zichomekwe ndani, na kanga ikae mbali na grainda.

Mimba. Risasi iliyomo ndani ya betri za gari inaweza kumfikia mtoto tumboni. Harufu kali za rangi na tina nazo ni hatari. Ukiwa mjamzito, omba kazi nyingine. Kwa mwajiriwa, sheria inakataza kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto.

Hedhi. Si ugonjwa, na si sababu ya kukosa kazi. Kinachotakiwa ni maji, choo chenye mlango, na mahali pa kutupa taka.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa jinsia, ujauzito au ndoa, hata yule anayeomba kazi tu. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na wa chini ya 18 hapewi kazi ya hatari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inasema mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe kazi au upendeleo, ametenda kosa. Hiyo ndiyo rushwa ya ngono.

Ukitakiwa kwa nguvu au kwa hila, sema "Sitaki" kwa sauti. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku ileile, na andika tarehe na maneno aliyosema. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, piga 116.

Ukibakwa, kosa si lako. Wahi kituo cha afya. Kwa watu wa Sinza, Hospitali ya Palestina iko jirani. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, na hutumiwa siku 28. Za kuzuia mimba kwa dharura zinywewe mapema, zisipite siku 5. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

BAADA YA KUJUA KAZI

Usikae na ujuzi usio na karatasi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa vitendo, na akifaulu hupewa cheti. Ulizia katika chuo chao cha Chang'ombe. Ukitaka vifaa vyako, ungana na wenzako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sinza iko Manispaa ya Ubungo tangu 2016, kwa hiyo anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Na wewe kaka unayejifunza naye gereji moja: ukimwona kila siku anatumwa chai, siku moja nenda wewe, umwachie spana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini binti asiye na nauli yuko hatarini zaidi kuliko mwenye nauli?
2. Katika yale mambo sita, fundi wa mtaani kwenu atakataa lipi? Mtamjibu nini?
3. Wavulana: mnaweza kufanya nini mwenzenu wa kike asibaki saidia fundi?
4. Zoezi: andikeni mapatano yenu kwa kazi moja mnayoijua, kisha mpelekeeni fundi mmoja ayasome na kuyasahihisha.