Maneno ya Kiingereza: Uyaunge au Uyatenganishe?

Anayeandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza hukwama mahali padogo: "everyday" au "every day"? Kompyuta mara nyingi itaacha yote mawili yapite, kwa kuwa yote yapo. Kinachoamua ni kazi ya neno katika sentensi.

"Everyday" ni kivumishi na hukaa mbele ya nomino, kama "everyday clothes", nguo za kuvaa siku zote. Ukitaka kusema unafika ofisini kila siku, tenganisha. Una shaka? Pachika "single" katikati. "I come every single day" inakubali, basi hayo ni maneno mawili.

Kwa "log in" na "back up", sogeza sentensi kwenye wakati uliopita. Tunasema "I logged in". Hakuna asemaye "I logined". Alama ya wakati imeingia katikati, kwa hiyo kitenzi hutenganishwa. Neno likigeuka nomino, huungana: "the login page", "a backup". Kosa la kuchanganya hayo mawili limejaa kwenye tovuti, hata za kampuni kubwa, na ndilo ningependa tulimalize kwanza.

"Maybe" ni rahisi: ukiweza kuweka "perhaps" badala yake, unga.

Kwa nomino, sikio husaidia. Katika "greenhouse", yaani kitalu nyumba, mkazo uko kwenye "green". Katika "green house", nyumba yenye rangi ya kijani, unahamia "house". Lakini usilitegemee sikio peke yake. "Post office" hutamkwa kama neno moja na huandikwa mawili.

Hapo fungua kamusi, tena ya karibuni. Mwaka 2007 toleo la 6 la Shorter Oxford English Dictionary liliondoa vistari kwenye maneno yapatayo 16,000. Mengine yakaungana, mengine yakatengana. Kamusi kuukuu ya maktaba itakupa jibu la zamani. Na kamusi zikipingana, shika moja hadi mwisho wa andiko lako.

Machache ni ya kukariri tu. "A lot", "in fact", "as well", "in case" na "in spite of" hutenganishwa daima. Usidanganywe na "despite", ambalo ni neno moja. "Cannot" nalo, katika maandishi ya kawaida, huungana.