Somo la Wiki: Povu la Dhahabu Linapimwa kwa Gramu

Mfanyabiashara anayenunua dhahabu anajua kwamba kipande kikubwa huwa kizito. Mwaka 2015, watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, wakiongozwa na Profesa Raffaele Mezzenga, walitengeneza dhahabu isiyofuata kanuni hiyo. Ni povu la karati 20, jepesi kuliko maji. Katika kila sehemu 100 za ujazo wake, 98 ni hewa.

Linatengenezwaje? Kwanza, protini ya maziwa huchemshwa mpaka igeuke nyuzi nyembamba zinazopimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Pili, nyuzi hizo hutiwa katika maji yenye chumvi ya dhahabu. Nyuzi husukana kama wavu, na chembe za dhahabu huganda juu yake. Tatu, mchanganyiko huo hukaushwa. Hapa ndipo penye kazi: ukiuanika hewani, wavu unaweza kusinyaa na kuharibika. Kwa hiyo hutumika gesi ya kaboni dayoksaidi, ndani ya mtungi wenye mgandamizo mkubwa.

Faida yake iko katika umeme. Povu likiwa limetulia, chembe hazigusani, na umeme haupiti. Ukilibonyeza, chembe hugusana na umeme hupita. Ndiyo maana watafiti walilitaja kuwa linafaa kwa vipima mgandamizo, mbali na saa na mapambo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Dhahabu safi ni karati 24. Gramu 6 za karati 20 zina gramu 5 za dhahabu safi, ziwe punje moja ngumu ya ukubwa wa mahindi au povu linalokaribia yai la kuku. Thamani ya madini ni ile ile. Ukubwa haukuongezei hata senti.

Kwa hiyo, mwekezaji mdogo akiletewa hisa za kampuni ya mapovu ya metali, aulize maswali matatu. Je, kila kipande kina gramu ngapi za metali? Ukaushaji unagharimu kiasi gani? Nani ameshatia saini kununua? Asipopata majibu kwa tarakimu, afunge pochi yake. Povu hilo lina hewa nyingi, na hewa hainunuliwi kwa bei ya dhahabu.