Karafuu: Asili Yake, Faida Yake na Mpaka Wake



Ni nadra katika mji wetu kupata jiko lisilokuwa na karafuu. Pilau haitimii bila yake, na chai ya viungo huikosa harufu yake. Lakini tukiulizana ni kitu gani hiki, kimetoka wapi, na chafaa kwa lipi, wachache kati yetu watakaojibu. Na kitu ukitumiacho kila siku bila ya kukijua, ni wepesi mtu kukudanganya kwacho. Kwa sababu hiyo tumeonelea somo letu la leo liwe juu ya karafuu.

Kwanza yatupasa tujue kuwa karafuu si mbegu wala si tunda, kama wadhanivyo wengi. Ni tumba la ua la mkarafuu, huchumwa likianza kuwa jekundu, kabla halijafunguka. Wachumaji hulitenga na kikonyo chake, kisha huanikwa juani siku kadha wa kadha mpaka likawa gumu na rangi yake ikageuka hudhurungi. Likisha kufunguka, thamani yake hupungua sana.

Jina lake tumelipata kwa Waarabu, waiitao qaranful. Nao waliijua harufu yake tangu zamani mno, hata Imru' al-Qays, mshairi aliyeishi kabla ya kuja Uislamu, aliitaja katika kasida yake mashuhuri. Lakini haikuota Bara Arabu, wala haikuota kwetu. Kwao khasa ni visiwa vya Maluku, kama vile Ternate na Tidore, ambavyo leo vimo katika nchi ya Indonesia. Kutoka huko ilikuwa ikisafirishwa kwa majahazi mpaka Uchina, Bara Hindi na bandari za Waarabu.

Waholanzi waliunda kampuni yao ya biashara ya Mashariki mwaka 1602. Walipovishika visiwa vile, waliikata mikarafuu katika visiwa vingine ili isalie Ambon na jirani zake tu, bei iwe mikononi mwao. Siri ile haikudumu. Mwaka 1770 Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, alifaulu kuipata miche na kuipeleka kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mikarafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na yasimuliwa kuwa aliyeileta ni Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil. Kisha Sayyid Said bin Sultan akawahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi, Unguja na Pemba. Tufani kubwa ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hupenda kulipita haraka. Mashamba yale hayakupandwa na wenyewe. Yalipandwa, yakapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara, na wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hukumu ya utumwa haikuondolewa huko mpaka mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Baadhi ya wenye mashamba walikuwa watu wenye jina jema na wa kuhudhuria misikiti. Hatuyasemi haya ili tuwatukane wazee waliokwisha kufa. Twayasema kwa kuwa vijana wetu husomeshwa fahari ya karafuu na kufichwa jasho lililoiotesha, na asomaye nusu ya khabari huishi akijidanganya. Wajukuu wa wale waliochuma na wajukuu wa wale waliomiliki leo ni majirani, na sinia la pilau huwakutanisha. Yafaa wote waijue khabari moja.

Ama faida yake, iko na ni ya kweli. Ndani ya karafuu mna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Hicho ndicho kiletacho harufu, na ndicho kitiacho ganzi na kuua vijidudu. Bibi zetu walipotuwekea karafuu kwenye jino liumalo hawakukosea. Mpaka leo madaktari wa meno huchanganya eujenoli na unga wa oksidi ya zinki, wakaziba kwayo jino kwa muda.

Lakini kutuliza si kuponya. Jirani yetu mmoja aliumwa na jino, akawa kila usiku hutafuna karafuu, maumivu yakitulia hulala. Kila alipoambiwa aende kwa daktari alijibu kuwa dawa anayo. Miezi ikapita, uso ukavimba, usaha ukashuka shingoni, na alipopelekwa hospitali alikuwa hawezi kufunua kinywa. Alipona, lakini baada ya kupasuliwa. Karafuu haikumdhuru, alichomdhuru ni kuipa kazi isiyokuwa yake.

Khatari kubwa zaidi imo katika mafuta yake. Madaktari wameandika khabari za watoto wadogo waliokunywa kiasi cha vijiko viwili vya chai tu, wakashikwa na degedege na maini yao yakaharibika. Basi mafuta ya karafuu yasipakwe ufizi wa mtoto aotaye meno, na chupa yake iwekwe mbali naye. Na atumiaye dawa za kuzuia damu isigande asiyanywe mafuta hayo, kwani nayo yaweza kuzidisha athari hiyo. Ama wale wauzao chupa mabarabarani wakinadi kuwa ni dawa ya sukari, ya presha na ya kila ugonjwa, waulizwe dalili yao. Wasipokuwa nayo, fedha zako zihifadhi.

Jikoni karafuu haina khofu, ila yataka kiasi. Kwa pilau ya kilo moja ya mchele, karafuu sita au nane nzima zatosha, pamoja na mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nzima. Zikizidi, chakula huwa kichungu na ulimi hufa ganzi. Kwa chai, mbili zatosha birika zima. Nunua nzima, usinunue iliyosagwa, kwani unga ni rahisi kutiwa vikonyo vilivyosagwa. Iliyo njema ina kichwa chake, na ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta. Ukiitia majini, huzama au husimama wima. Ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea kwa ubavu. Iweke ndani ya chupa iliyofungwa, mbali na jua na mvuke wa jiko.

Katika somo lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya tangawizi. Kabla ya hapo twawaomba kila mmoja aiangalie chupa ya mafuta ya karafuu iliyoko nyumbani kwake, na ikiwa mkono wa mtoto waifikia, aiondoe leo.