Somo la Mwezi: Siku ya Mwisho ya Likizo, Bakini Nyumbani



Likizo ya kiangazi inakwisha. Hapa Marekani kila wilaya ya shule ina tarehe yake. Nyingine hufungua mwanzoni mwa Agosti, nyingine husubiri hadi Labor Day ipite, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Tafuta tarehe ya watoto wako, kisha rudi nyuma siku moja. Somo letu ni kuhusu siku hiyo.

Familia nyingi huimaliza dukani au kwa ndugu wa mji mwingine, na kurudi usiku watoto wamelala garini. Asubuhi ni kutafuta kiatu cha pili, na basi limeshapita. Ninakushauri umalize safari na manunuzi mapema. Siku hiyo mkae nyumbani. Mgeni kwetu hafukuzwi, lakini anaweza kuombwa aje Jumamosi.

Asubuhi: karatasi mezani

Toa barua zote za shule. Hakikisha una jina la shule, namba ya basi, kituo na saa yake. Kumbuka, barua ikiandika 7:00 a.m. ni saa moja asubuhi kwa Kiswahili. Karatasi za chanjo zikaguliwe wiki kadhaa kabla, kwa sababu zikipungua shule inaweza kumzuia mtoto kuanza.

Barua usiyoielewa usimpe mtoto akutafsirie. Kwa Sheria ya Haki za Raia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, na mkalimani ni bure. Piga simu shuleni useme: "Swahili interpreter, please."

Mchana: tembeeni hadi kituoni

Nendeni kwa miguu, mhesabu dakika. Mtoto afike kituoni dakika tano kabla ya basi. Taa nyekundu za basi zikiwaka magari hutakiwa kusimama, lakini mwambie aangalie kwanza pande zote mbili. Akivuka, apite mbele ya basi, mbali kidogo, mahali dereva anapomwona. Asipite nyuma kamwe.

Njiani mfundishe namba yako ya simu. Mdogo mwimbishe hadi aishike.

Alasiri: sikiliza

Hapa ndipo penye faida kubwa ya kubaki nyumbani. Zimeni televisheni na simu, mpike pamoja. Mtoto anayechambua maharage husema mambo ambayo hasemi ukimkalisha na kumhoji. Atasema anaogopa kula peke yake kwenye ukumbi wa chakula, au kwamba mwaka jana walicheka jina lake.

Sisi tuliokulia kambini tuna jibu la haraka: "Sisi tulisoma tumekaa chini, wewe una basi na kiti, shukuru!" Nimelisikia katika nyumba nyingi ninazotembelea. Ni kweli, lakini humfunga mtoto mdomo. Siku atakapoonewa kweli, hatakuambia. Badala yake sema, "Niambie zaidi," kisha nyamaza. Kama kuna mwanafunzi anayemwonea, mweleze mwalimu. Ukiona vigumu kwenda peke yako, tuambie, tutakwenda pamoja.

Jioni: usingizi

Wataalamu wa usingizi hapa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kila usiku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 8 anayeamka saa kumi na mbili asubuhi awe amelala saa tatu usiku, hata kama jua la kiangazi limechelewa kuzama. Anza kumlaza mapema wiki moja kabla, polepole. Simu zilale sebuleni, yako pia.

Zoezi la familia

Baada ya chakula cha jioni, kila mtoto ajibu bila kuangalia karatasi:

1. Basi langu ni namba gani?
2. Namba ya simu ya mama au baba ni ipi?
3. Nikikosa basi, nifanye nini?
4. Shuleni nikiwa na shida, nimwambie nani?

Swali la nne likikosa jibu, lizungumzeni kabla ya kulala.