Kopo na Upanuzi wa Maana
Neno *kopo*, lililotokana na *copo* la Kireno, hutaja chombo cha bati cha kunywea maji. Kutokana na chombo hicho tumepata *kopo la rangi*, *maziwa ya kopo*, hata kipimo: *makopo mawili ya mchele*. Nchini Tanzania waokota makopo hukusanya hasa chupa za plastiki. Bati limetoweka, jina limebaki.

Hapa Uganda tuwe waangalifu. Mwanafunzi azungumzaye Kiganda hulijua *ekikopo* kwa maana ya kikombe, naye huenda akaandika *kikopo cha chai kimejaa*. Upatanisho huo ni sahihi kabisa. Kilichopotoka ni maana, kwani *kikopo* cha Kiswahili ni kopo dogo. Basi tusisahihishe ngeli, bali msamiati, tukimwonyesha vyombo vyote viwili.