Hoteli imeturekodi tukicheza: haki zetu ni zipi?

SWALI: Kundi letu la Tarime hucheza ngoma ya Kikurya kwa ritungu kwenye hoteli za watalii huko Serengeti. Hoteli moja iliturekodi, sasa inatutumia kwenye matangazo. Walitulipa ya usiku ule tu. Tuna haki gani?

JIBU: Mnayo, na wala si ndogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchezaji kwa jinsi alivyocheza, hata kama ngoma yenyewe ni ya mababu. Kumrekodi kunahitaji ridhaa yake. Na kama mliridhia video ya kumbukumbu, kuigeuza tangazo kunahitaji ridhaa nyingine. Malipo ya usiku mmoja hayanunui video.

Ngoma ya asili ni mali ya jamii, kwa hiyo kundi lenu haliwezi kuwazuia vijana wa Mugumu wasiicheze. Sheria hiyo inazilinda ngoma za jadi zisitumiwe kibiashara nje ya mila bila kibali, na inataka jamii ya asili itajwe. Lakini mitindo mipya mliyobuni wenyewe, mpangilio wa safu, miruko na maingilio, hiyo ni kazi yenu. Irekodini, muandike tarehe na majina ya wabunifu, kisha muisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Haki huzaliwa na ubunifu. Usajili unawapa ushahidi.

Iandikieni hoteli barua, mdai malipo au video iondolewe. Wakikaa kimya, nendeni COSOTA. Safari ijayo, mkataba usainiwe kabla ya njuga kufungwa miguuni.