Simu Kwenye Usukani: Kosa la Trafiki Tu, ama ni Dhambi?



Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi hatukitaji kamwe tukienda kuungama: simu barabarani. Swali lenyewe nimelisikia mara nyingi kwa vijana: "Kama dere anaongea na simu na hakuna mtu ameumia, hiyo ni dhambi ama ni mambo ya polisi tu?" Wengine husikia na kucheka. Mimi naona ni swali zuri sana, kwa sababu linatufanya tuulize sheria ya serikali inaishia wapi na dhamiri inaanzia wapi.

1. Sheria inasema nini?

Hapa Kenya, kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea. Nchi nyingi zina katazo la aina hii. Marekani, jimbo la kwanza kukataza kuongea na simu mkononi ukiendesha lilikuwa New York, mwaka 2001.

Lakini nataka tukae kidogo na Uingereza, kwa sababu historia ya sheria yao ina funzo kwetu. Tarehe 1 Desemba 2003 walikataza dereva kushika simu mkononi. Tatizo ni kwamba sheria ile iliandikwa wakati simu ilikuwa ya kupiga na kutuma ujumbe tu. Kwa hiyo iliyakataza mawasiliano: kupiga, kupokea, kutuma, kupokea ujumbe. Miaka ikapita, simu ikawa kamera, redio, ramani na uwanja wa michezo.

Basi dereva mmoja akapita mahali palipotokea ajali, akainua simu akaanza kurekodi video huku anaendesha. Akashtakiwa. Kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka 2019, na majaji wakasema kosa lile mahususi halimhusu: alikuwa anarekodi, hakuwa anawasiliana na mtu. Majaji wenyewe walionya kwamba uamuzi huo si ruhusa ya kurekodi ukiendesha, kwani dereva wa namna hiyo bado anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Lakini pengo lilikuwa limeonekana na kila mtu.

Kuanzia tarehe 25 Machi 2022 sheria ikapanuliwa. Sasa kupiga picha, kurekodi, kutafuta wimbo kwenye orodha, kucheza gemu, yote ni kosa kama kifaa kiko mkononi. Hata ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu au kwenye foleni, bado unahesabiwa kuwa unaendesha. Wameacha nafasi chache, mfano kupiga simu ya dharura pale ambapo si salama kusimama. Adhabu ya kawaida ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Na kwa dereva mpya, aliyefaulu mtihani chini ya miaka 2 iliyopita, pointi 6 zinatosha kumpotezea leseni. Hao wengi wao ni vijana kama sisi.

Umeona kilichotokea? Sheria ilitaja tendo moja, watu wakafanya tendo la jirani yake. Ikabidi irekebishwe. Na nakuhakikishia, kesho kitatokea kifaa kingine, na sheria itabidi ikifuate tena. Sheria ya binadamu ni ya lazima na ni nzuri, lakini daima inafika ikiwa imechelewa kidogo.

2. Kwani shida iko wapi hasa?

Tufanye hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linapita mita 22 hivi kila sekunde. Ishara ya Msalaba ukiifanya taratibu, kwa heshima, ni kama sekunde 5. Katika sekunde hizo 5 gari limekwenda zaidi ya mita 110, yaani kuvuka uwanja mzima wa mpira. Sasa dereva aliyeangalia ujumbe kwa sekunde 5 amevuka uwanja huo akiwa kipofu. Kama kuna mtoto kwenye pundamilia, hakumwona.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa mara 4 hivi zaidi wa kupata ajali kuliko asiyetumia. Linasema pia kwamba kuongea bila kushika simu hakuna usalama mkubwa zaidi ya kuishika. Kwa nini? Kwa sababu macho yanaweza kuwa barabarani huku akili iko kwenye mazungumzo. Mtu anaangalia lakini haoni. Shirika hilohilo, katika ripoti yake ya 2023, linakadiria vifo vya barabarani kuwa takribani milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Rudia hiyo: miaka 5 hadi 29. Ndiyo sisi hao, na wadogo zetu.

3. Ukuta wa darini

Wengine hufikiri Biblia haina la kusema hapa, ati kwa sababu haikuwa na magari. Hebu fungua Kumb 22:8. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Kumbuka dari zao zilikuwa tambarare. Watu walikaa huko, wakaanika nafaka, wakapunga upepo jioni. Hii ni sheria ya usalama, na iko ndani ya Neno la Mungu! Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Lakini alijua hatari ipo na akaacha kuikinga.

Soma tena Kut 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe alikuwa ameonywa akakataa kumfunga, hapo hatia ni yake. Tofauti iko kwenye neno moja: alionywa. Na sisi tumeonywa, si kwa sheria tu bali kwa mazishi tuliyohudhuria.

Halafu anakuja Bwana wetu katika Mt 5:21-22. Anaitaja amri ya kutoua, lakini haishii kwenye tendo la kuua. Anashuka hadi kwenye hasira na matusi, kule moyoni tendo linakozaliwa. Ndiyo njia ileile ya kuielewa sheria ya simu. Sheria inauliza: mkononi mna nini? Yesu anaenda mbali zaidi: yule anayevuka barabara ni nani kwako?

Ukitaka jibu, liko Lk 10:30-37, kwenye hadithi ya barabarani kabisa, njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani alimwona yule aliyejeruhiwa, Mlawi alimwona, wote wakapita kando. Msamaria alimwona akasimama. Wote watatu walikuwa na macho. Leo ningeongeza wa nne: yule anayerekodi video na kuendelea na safari.

4. Kanisa linatufundisha nini?

Katekisimu, namba 2269, inafundisha kwamba Amri ya Tano haikatazi kuua kwa kukusudia peke yake. Inatukataza pia kumweka mtu kwenye hatari ya kufa bila sababu nzito. Namba 2290 inasema wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, baharini au angani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Simu haikutajwa hapo, lakini kipimo ni kilekile: usalama wa mwenzako umeuweka chini ya starehe yako.

Tarehe 19 Juni 2007, Baraza la Kipapa lililohusika na huduma za kichungaji kwa wahamiaji na watu wasio na makazi maalumu lilitoa mwongozo kuhusu uchungaji wa barabarani. Ndani yake mna amri 10 za dereva. Ya kwanza ni kutoua. Nyingine inataka barabara iwe mahali pa ushirika kati ya watu, na nyingine inadai tumlinde aliye dhaifu zaidi njiani. Na tarehe 20 Novemba 2017, Papa Fransisko alipokutana na polisi wa barabara na wa reli wa Italia, alisikitikia madereva wasiojali madhara ya kutokuwa makini, akatoa mfano wa matumizi mabaya ya simu.

Kwa hiyo, ni dhambi? Mimi si padri, na uzito wa kosa la kila mtu hupimwa na jinsi alivyojua na alivyokubali. Hilo peleka kwenye kitubio. Lakini ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni hiki: kusema "hakuna aliyeumia" hakumalizi mambo. Dari isiyo na ukuta ni kosa hata kabla ya mtu kuanguka.

5. "Lakini mimi sina hata baiskeli"

Hapa ndipo somo linatugusa wengi. Wengi wetu si madereva. Sisi ni abiria na ni wapigaji. Ni sisi tunaompigia mtu wa boda mara 5, "umefika wapi?", na yeye anaingiza simu ndani ya helmeti ili atujibu. Ni sisi tunaokasirika tukiona tiki mbili za bluu bila jibu, wakati kaka yuko kwenye usukani. Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi, akajibu kama mtu asiyehusika (Mwa 4:9). Tusijibu kama yeye.

Na abiria? Mwaka mmoja tulikodi basi kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Usiku, katikati ya Rozari, dereva akapokea simu akaanza kuongea mkono mmoja kwenye usukani. Watu wakaangaliana. Wengine wakaongeza sauti ya sala. Msichana mmoja wa mbele, mdogo kuliko wengi wetu, akainuka akamwambia kwa upole, "Baba, samahani. Kama ni simu ya muhimu, tafadhali simama pembeni uongee, sisi tutakungoja." Yule mzee akanyamaza kidogo, akaweka simu chini, akasema, "Sawa, binti yangu." Rozari ikaendelea.

Mimi naamini maneno yale yalikuwa sehemu ya sala. Hakumtukana mzee, hakumrekodi, hakumwaibisha mbele za watu. Alimpa heshima yake na njia ya kutokea. Mt 18:15 inatutaka tumrekebishe ndugu, na mara nyingi tunakosa ujasiri si kwa sababu ya upendo bali kwa kuogopa kuonekana washamba. Kuomba Mama Maria atulinde huku tunanyamazia hatari tunayoiona ni kumwachia Mungu kazi aliyotupa sisi.

6. Ya kufanya wiki hii

- Ukimpigia mtu, swali la kwanza liwe: "Unaendesha?" Akisema ndiyo, mwambie mtaongea akifika, kisha kata wewe.
- Kama unaendesha gari au pikipiki, zima sauti na uweke simu mahali mkono haufiki. Ramani iweke tayari kabla ya kuondoka.
- Viongozi wa vijana: mkikodi gari, semeni na dereva mapema. Mchague mtu mmoja wa kupokea simu zake njiani.
- Ukiwa abiria, sema. Kwa adabu, mapema, na kwa sauti inayosikika.
- Jiulize jioni: leo kuna mtu niliyemweka hatarini kwa sababu sikutaka kusubiri?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, wewe ulitembea barabara zetu na hukumpita mtu bila kumwona. Utupe macho yanayoona, mikono yenye subira na ulimi wenye ujasiri wa upole. Uwalinde madereva wetu, watu wa boda, na wote wavukao njia leo. Uwapokee waliofia barabarani, na uwafariji waliobaki. Amina.

Nitumie maoni yako, na umshirikishe mwenzako somo hili. Ila kama yuko kwenye usukani, ngoja kwanza afike.